Jinsi ya Kuzuia Wanyama wa Nyumbani Kudokoleana Chakula

Katika nyumba yenye mbwa na paka, au paka wawili, au mbwa wa rika tofauti, saa ya kula huwa na mtindo wake: mmoja humaliza chakula chake upesi, kisha huenda kusimama karibu na bakuli la mwenzake mpaka mwenzake aondoke. Wenye nyumba wengi huizoea hali hiyo kwa kuwa mara nyingi hausikiki ugomvi wowote, lakini kukosekana kwa ugomvi hakuonyeshi kwamba kila mmoja amepata haki yake. Mnyama mpole, mzee au mgonjwa huliachia bakuli bila kulalamika, na baada ya wiki kadhaa hugundulika kwamba mmoja amekonda na mwingine amenenepa, ilhali jumla ya chakula kinachotolewa kwa siku haijabadilika hata kidogo.

Msimamo wa mwongozo huu ni kwamba udokozi huzuiwa kwanza kwa kupanga mahali na wakati wa kula, na mafunzo hufuata baadaye kama nyongeza. Mbwa anayekula chakula cha paka anafuata pua yake, na kumkaripia hakumwondolei hamu hiyo, kwani anachojifunza ni kusubiri mpaka utoke chumbani. Kwa sababu hiyo adhabu haina nafasi katika hatua yoyote inayoelezwa hapa.

Madhara ya kula chakula kisicho chako

Paka ni mla nyama kwa ulazima wa mwili wake. Hawezi kujitengenezea taurini ya kutosha, yaani kirutubisho kinachopatikana katika nyama, wala kugeuza karotini ya mimea kuwa vitamini A, hivyo virutubisho hivyo ni lazima avipate vikiwa tayari ndani ya chakula. Mwaka 1987 watafiti wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis walionyesha kwamba upungufu wa taurini huwasababishia paka ugonjwa wa misuli ya moyo, ambao hufanya moyo utanuke na kushindwa kusukuma damu inavyopaswa. Kabla ya hapo ilikwisha kujulikana kwamba upungufu huohuo huharibu retina ya jicho. Chakula cha mbwa hakitengenezwi kwa kipimo cha mahitaji hayo. Paka akionja tonge moja la chakula cha mbwa hatadhurika. Aliye hatarini ni yule anayeshibia bakuli la mbwa kwa miezi kadhaa kwa sababu bakuli lake huwa limekwisha kufagiliwa.

Mbwa naye hupata madhara yake. Chakula cha paka kina protini na mafuta mengi zaidi, na ndiyo maana kinamvutia kiasi hicho. Akikila kingi kwa mara moja anaweza kutapika au kuhara, na kwa baadhi ya mbwa mlo wenye mafuta mengi huchochea uvimbe wa kongosho, ugonjwa wenye maumivu makali unaohitaji daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Akikila kidogo kidogo kila siku, hunenepa.

Jambo linalostahili uangalifu kuliko yote ni chakula cha tiba. Paka mwenye figo dhaifu hupewa chakula chenye fosforasi kidogo, na kila anapodokoa bakuli la mwenzake tiba hiyo hupungua nguvu. Kwa upande mwingine, chakula hicho cha figo hakimfai mnyama mchanga anayekua. Mbwa anayechunguzwa mzio wa chakula hulishwa chakula cha aina moja tu kwa muda wa wiki 8 hivi, na vipande vichache vilivyookotwa kwenye bakuli lingine vinaweza kuharibu uchunguzi wote ukalazimika kuanza upya. Vilevile, dawa iliyochanganywa katika chakula huweza kumezwa na mnyama asiyeandikiwa. Hatari zaidi ni pale mnyama mwenye kisukari anapochomwa insulini ilhali chakula chake kimeliwa na mwingine bila mtu kuona, kwa kuwa sukari katika damu inaweza kushuka hadi akapoteza fahamu. Katika nyumba yenye mnyama wa namna hii, kutenganisha wakati wa kula ni sehemu ya matibabu yenyewe.

Jua kwanza nani anakula nini

Kabla ya kununua kifaa au kuhamisha bakuli, tenga siku chache za kutazama. Pima chakula cha kila mnyama kwa mzani wa jikoni badala ya kukikadiria kwa kikombe, kiweke mahali palepale pa siku zote, kisha kaa mbali kidogo ukiangalia bila kuingilia. Tazama nani anamaliza kwanza, nani anainua kichwa kila baada ya tonge mbili, na nani anaondoka mara tu mwenzake anapotokea mlangoni. Anayekula huku akigeukageuka anakula kwa hofu, hata kama hajawahi kunyang'anywa mbele ya macho yako.

Pima pia uzito wao. Njia rahisi ni kumbeba mnyama ukiwa umesimama kwenye mzani wa watu, kisha kutoa uzito wako mwenyewe. Kwa paka na mbwa wadogo mzani wenye kuonyesha gramu ni bora zaidi, kwa sababu paka wa kilo 4 aliyepungua gramu 400 amepoteza asilimia 10 ya mwili wake, kiasi ambacho jicho linalomwona kila siku halikitambui. Wapapase mbavu pia. Mbavu zinapaswa kuhisika kwa urahisi chini ya tabaka jembamba la mafuta, zisiwe zimechongoka na wala zisihitaji kutafutwa kwa kubonyeza.

Jiulize pia kama mdokozi ana njaa ya kweli. Kiasi kilichoandikwa kwenye mfuko wa chakula kwa kawaida ni cha siku nzima, na ni makadirio tu: mnyama aliyehasiwa huhitaji kidogo zaidi, na mnyama mchanga anayekua huhitaji kingi zaidi. Ikiwa mnyama ambaye hakuwahi kudokoa ameanza ghafla kutafuta chakula kila mahali, mpeleke kwa daktari kabla ya kubadilisha chochote. Paka mzee anayekula sana huku akikonda huenda ana tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi. Kisukari na minyoo huleta dalili zinazofanana na hizo, na mbwa ambaye kongosho lake limeacha kutoa vimeng'enya vya kusaga chakula hula bila kushiba. Dawa za jamii ya steroidi na baadhi ya dawa za kifafa, kama fenobabitali, nazo huongeza hamu ya kula. Mnyama wa namna hii ukimfungia mlango bila kumtibu unamzidishia mateso.

Acha mtindo wa bakuli linaloshinda sakafuni

Bakuli lililojaa kuanzia asubuhi hadi usiku ndilo mzizi wa udokozi mwingi, kwa sababu hakuna anayeweza kulilinda kutwa na hakuna anayejua limemalizwa na nani. Badala yake, weka saa maalumu za kula. Mbwa mzima hutosheka na milo miwili kwa siku. Mbwa mchanga ambaye hajafikisha miezi minne hivi huhitaji mitatu au minne. Paka ni tofauti, kwa kuwa kwa asili yake huwinda viumbe wadogo na hula mara nyingi kidogo kidogo, hivyo mgawie chakula cha siku katika milo mitatu, minne au zaidi kadiri ratiba ya nyumba inavyoruhusu. Kiasi cha siku kisiongezeke. Kinachoongezeka ni idadi ya mafungu.

Mlo ukishatolewa, uache kwa dakika 20 hivi, kisha inua mabakuli yote, hata yale yaliyobaki na chakula, na ufute makombo sakafuni. Mbwa wengi huelewa utaratibu huu ndani ya siku chache. Kwa paka aliyezoea kula atakapo, fanya mabadiliko haya taratibu kwa wiki moja au mbili, ukipunguza muda ambao bakuli linakaa chini siku baada ya siku. Usijaribu kumlazimisha paka kwa kumshindisha na njaa. Paka, hasa mnene, akikaa siku mbili au tatu bila kula, mafuta yanaweza kujaa kwenye ini lake na kumletea ugonjwa unaoua.

Mlango ndio njia bora

Kati ya njia zote za kutenganisha wanyama wakati wa kula, hakuna inayoupita mlango uliofungwa. Hauhitaji betri wala mafunzo marefu, mbwa mwenye nguvu hauvunji kwa urahisi, na unampa anayekula taratibu utulivu ambao hakuna kifaa kinachoweza kumpa. Andaa chakula wanyama wote wakiwa nje ya jikoni. Mwingize kwanza yule anayekula taratibu katika chumba chake, mpe bakuli lake, ufunge mlango, kisha ndipo umpe yule mwenye pupa chakula chake mahali pengine. Kila mmoja awe na mahali pake pasipobadilika, kwa sababu baada ya muda mfupi atakuwa anakwenda huko mwenyewe mara anapoona unachukua mabakuli, na vurugu ya kabla ya kula itapungua yenyewe.

Utaratibu huu mara nyingi huharibikia katika hatua ya mwisho. Mlango hufunguliwa ilhali bakuli bado lina mabaki, mdokozi huingia kwa kasi, na kwa mara hiyo moja hujifunza kwamba kusubiri mlangoni kuna faida. Ingia wewe peke yako, funga nyuma yako, chukua bakuli, tazama kilichobaki, kisha ufungue. Kutazama kilichobaki ni muhimu kwa sababu sasa, kwa mara ya kwanza, unajua kwa hakika kila mnyama amekula kiasi gani. Mahali ambapo vyumba havitoshi, kizimba cha ndani ambacho mbwa amekizoea, au geti dogo la kuzuia watoto, hufanya kazi ileile.

Kimo na tundu

Paka anaweza kulishwa juu ya rafu pana, kabati fupi au kizingiti cha dirisha ambacho mbwa hakifikii. Njia hii ni nyepesi na paka wengi huipenda, lakini ina mipaka yake. Mbwa mrefu husimama kwa miguu ya nyuma, mtoto wa paka hawezi kupanda, na paka mzee mwenye maumivu ya viungo ataacha kula kabla hajakuonyesha kwamba kuruka kunamuumiza. Ukiona paka anautazama mruko kwa muda mrefu kabla ya kuruka, mshushie bakuli lake na utafute njia nyingine, au umjengee ngazi fupi.

Tundu nalo linatumia tofauti ya maumbile. Ndoano au mkanda mfupi unaozuia mlango usifunguke zaidi ya upana wa paka humruhusu aingie na kutoka apendavyo huku mbwa mkubwa akibaki nje. Kama mbwa ni mdogo kama paka, njia hii haifai. Unaweza pia kutengeneza sanduku zito la mbao au la plastiki ngumu lenye tundu ubavuni na bakuli ndani. Hapo kumbuka kwamba paka hapendi kubanwa mahali pasipo njia ya kutokea, na akiona mbwa anamngoja mdomoni pa tundu hataingia tena. Sanduku lenye matundu mawili, au lenye ubavu unaopitisha mwanga ili paka aone chumba, humwondolea wasiwasi huo.

Kwa paka wawili ambao mmoja ni mnene, watu hutumia tundu linalompitisha mwembamba peke yake. Fanya hivyo ukiwa karibu, kwa sababu mnene akiwa na hamu kubwa anaweza kujikwamisha, na ujue kwamba kadiri atakavyopungua uzito ndivyo siku moja atakavyopenya. Upana wa tundu unapaswa kukaguliwa kila unapompima.

Mabakuli yanayojifungua

Kuna mabakuli ya umeme yenye mfuniko unaofunguka pale tu yanapotambua chipu, yaani kidude kidogo cha utambulisho kilichopandikizwa chini ya ngozi ya mnyama fulani, au kidude kinachoning'inizwa kwenye mkanda wake wa shingoni, na kufunga anapoondoka. Kifaa hiki kinafaa sana kwa paka wawili wanaokula vyakula tofauti na ambao hawawezi kufungiwa vyumbani kila mlo. Mzoeshe mnyama kwa hatua: kwa siku kadhaa acha mfuniko ukiwa wazi muda wote, kisha uruhusu usogee kidogo, na mwishowe ufunge kabisa, kwa maana mlio na mwendo wa mfuniko huwatisha wengine mwanzoni. Chunguza kama mdokozi ameanza kuingiza kichwa kutoka nyuma au ubavuni wakati mwenye bakuli anakula. Ikiwa hivyo, sukuma bakuli kwenye kona au ulizungushie sanduku la pande tatu. Dhidi ya mbwa mkubwa mwenye nia, kifaa hiki peke yake ni dhaifu.

Mabakuli yanayofunguka kwa saa ni kitu kingine. Yanasaidia ratiba, lakini yanamfungulia yeyote aliye karibu, na mara nyingi aliye karibu ni mdokozi.

Wanyama wa aina moja

Paka wawili kuwekewa mabakuli kando kwa kando ni desturi ya watu kuliko ya paka. Paka huwinda na kula peke yake, na wengi wanaokula bega kwa bega huwa wanaharakisha ili waondoke. Waweke mahali ambapo mmoja hamwoni mwingine, hata kama ni pande mbili za ukuta mmoja, na mbali na sanduku la choo. Kwa mbwa wawili, yule anayemeza haraka apewe bakuli lenye vinundu ndani au chakula kilichotandazwa kwenye sinia pana, ili muda wake wa kula ukaribiane na wa mwenzake. Hilo hupunguza nafasi ya kudokoa, ingawa haliondoi haja ya kuwatenganisha.

Mafunzo yanayosaidia

Mpangilio ukishatulia, mfundishe mbwa mambo mawili. La kwanza ni kwenda kwenye mkeka wake na kubaki hapo. Mtupie kipande kidogo cha chakula juu ya mkeka, msifu anapokanyaga, rudia mpaka aende kwa neno, kisha urefushe muda wa kukaa kwa sekunde chache chache, ukimlipa akiwa bado amekaa kabla hajainuka. La pili ni kuacha kitu anapoambiwa: fumba kipande mkononi, mwache anuse, na mara anaporudisha pua nyuma mpe kipande kingine kilicho bora kutoka mkono wa pili. Baadaye fanya hivyo kwa chakula kilicho sakafuni ukiwa umekifunika kwa mguu, na mwishowe karibu na bakuli tupu la paka. Mazoezi ya dakika chache mara mbili au tatu kwa siku yanatosha. Hata mbwa aliyefuzu vizuri asiachwe peke yake na chakula cha paka, kwa maana utii wake unategemea wewe kuwapo.

Mnyama anayenguruma, kukakamaa au kukodoa macho mwenzake anaposogea anatoa onyo, na onyo hilo lisiadhibiwe. Mbwa aliyezuiwa kunguruma huenda siku nyingine akauma bila ishara. Watenganishe kwa mlango kila mlo, na kama amewahi kuuma, tafuta msaada wa daktari wa mifugo au mtaalamu wa tabia za wanyama. Wanyama wakishikana juu ya chakula usitie mkono katikati yao. Piga kelele ya ghafla, waingizie ubao au kiti baina yao, kisha umwondoe kila mmoja upande wake. Watoto wafundishwe kutomgusa wala kumsogelea mnyama anayekula.

Watu wa nyumbani

Mara nyingi anayelisha si mtu mmoja. Andika kwenye karatasi iliyobandikwa jikoni nani anakula nini, gramu ngapi, saa ngapi na chumba gani, na kila anayelisha aweke alama, la sivyo mnyama mwerevu atalishwa mara mbili na mpole atasahauliwa. Chakula kikavu kihifadhiwe kwenye chombo kigumu chenye mfuniko unaobana. Mfuko wa karatasi ni rahisi kutoboa. Mgeni anayekaa siku kadhaa aonyeshwe milango inayofungwa na sababu yake.

Baada ya wiki mbili za mpangilio mpya, pima uzito tena na uulinganishe na ule wa mwanzo. Aliyekuwa amekonda anapaswa kuanza kurudi, na mnene apungue polepole. Akipungua haraka, hasa akiwa paka, ongeza chakula na umwone daktari. Paka ambaye amepitisha siku nzima bila kugusa chakula katika mahali pake papya arudishiwe bakuli pale alipokuwa akila zamani, mbwa atolewe nje kwa muda huo, na bakuli lisogezwe kuelekea mahali papya hatua chache kila siku. Akiendelea kukataa hata pale pa zamani, apelekwe kwa daktari bila kungoja siku nyingine.